Sijaelewa Mstari wa Tatu

Mistari mia mbili na kumi na minne.
Hiyo ndiyo programu yangu yote, chumba kimoja:
ukiingia umeshaona kitanda, jiko
na mlango wa kutokea.

Kazi yake ni kusoma oda za duka la nafaka, Tandale.
Mteja anatuma *Nakivumbi mchele 20*,
yenyewe inakata vipande vitatu: nani, nini, kilo ngapi.
Kidawa anaona orodha, anapima, anafunga.
Miezi kumi na moja haijakohoa.

Leo Exaud kaja kwangu Sinza na daftari la maombi,
anasoma kama karani wa mahakama.
Wakiandika *nusu*, ielewe.
Wakiandika *buku jero*, ijue ni elfu moja na mia tano.
Wakiandika *saa tatu*, ijue ni ile
ambayo kompyuta huiita tisa.
Iruhusu mabano, na mabano ndani ya mabano.
"Halafu *kama jana*. Hiyo wanaililia.
Mtu anaagiza kilekile kila siku, kwa nini aandike upya?"

Ni kweli. Kwa nini aandike upya?
Namimina chai ili nipate muda.

Nusu ya nini, Exaud?
Kwa Nakivumbi nusu ni nusu kilo.
Kwa muuza ubwabwa wa Manzese nusu ni nusu gunia.
Wote wanaandika *nusu*, na hakuna aliyewahi kupunjwa,
maana Kidawa anawajua hadi kikohozi.
Nikiandikie mashine kikohozi?

Na *kama jana*: ili iijue jana lazima iitunze jana.
Ikitunza jana itaulizwa juzi,
ikijibu juzi itaulizwa deni la juzi,
na deni la juzi lina mashahidi wawili wasiosalimiana.
Nilijenga kibanda cha kupokea barua.
Naombwa kijiji, na mwenyekiti wake.

"Unaogopa kazi," anasema Exaud.

Labda. Au naipenda tu,
kama shati lililokukaa vizuri bila fundi kulijua,
na kupenda si hoja ya ufundi.
Nawajua waliogoma kuongeza, wakabaki na programu safi
isiyo na mteja hata mmoja.
Namjua pia jamaa wa Mwenge, yake ilikula kila kitu,
mabano, nukta, utani,
hadi siku iliposoma *sukari usilete*
ikaleta sukari, magunia arobaini.

Saa sita usiku Exaud ameshaondoka.
Nafungua jumbe zenyewe, zile zilizokwama.
Sikuwahi kuzitazama.
Arobaini na tatu.
Thelathini zimekwama kwenye neno moja: *debe*.
Mabano, hakuna. Buku jero, mbili.
*Kama jana* iko moja tu, na inasema hivi:
*kama jana ila mchele punguza mgeni kaondoka*

Nikausoma mara tatu.
Mgeni alikuwa anakula kiasi gani?
Kaondoka kwa heri?

Ndipo nikaona kingine.
Programu yangu isiyokohoa, ikishindwa, hunyamaza.
Ujumbe unazama,
na mtu Tandale anakaa na sufuria akidhani amesikilizwa.
Huo ndio usafi niliokuwa nautetea mbele ya chai.

Basi nimeongeza debe.
Nimeshaanza kujuta: debe la maharage si debe la mchele,
jedwali limezaa jedwali,
tuko mia mbili thelathini na mmoja.
Na nimeifundisha kusema,
*Sijaelewa mstari wa tatu. Muulize mwenyewe.*

Asubuhi Kidawa kanipigia.
"Mashine yako leo imeamka na adabu," anacheka.
"Nimemuuliza. Mgeni ni mama yake, karudi Ifakara.
Apunguziwe kilo mbili."

Kuhusu nusu, Exaud,
usinisukume. Bado nafikiria.